Afisi ya serikali nayo yaweza kubuni jambo jipya

Hebu tuanze na hesabu, msomaji. Chukua kalamu na karatasi, na ikiwa una mtoto aliye chuoni mwite aketi karibu nawe, kwa kuwa hesabu yenyewe inamhusu yeye zaidi. Kijana amehitimu. Amesoma tangazo la kazi ya serikali gazetini, na chini ya tangazo ameiona ile orodha ambayo kila mtafuta kazi humu nchini anaijua kwa moyo: cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, barua ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), cheti cha kuthibitisha kuwa amelipa ushuru, na kibali cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Vyeti hivyo viliingia katika maisha yetu baada ya Katiba ya 2010, kwa sababu ya Sura ya Sita inayotaka watumishi wa umma wawe watu waadilifu.

Sasa hesabu hatua zake, kama zilivyokuwa siku zile. Aliamka Umoja akapanda matatu hadi mjini, akaunganisha nyingine hadi makao makuu ya upelelezi kule Kiambu Road kuchukuliwa alama za vidole. Kesho yake alikwenda Anniversary Towers, University Way, kwa watu wa HELB. Siku iliyofuata Times Tower kwa watu wa ushuru. Kisha akakwea Valley Road hadi Integrity Centre. Kila mahali palikuwa na foleni yake na karani wake, na aghalabu palikuwa na yule mtu aliyesimama nje ya lango akinong'ona kwamba kwa "kitu kidogo" mambo yaweza kuharakishwa. Aliyetoka Garsen au Lodwar aliongeza nauli ya basi na usiku kadhaa wa kulala sebuleni kwa jamaa.

Ukimaliza kujumlisha utaona kwamba kijana huyo asiye na kazi alitumia fedha za mzazi wake kuiambia serikali mambo ambayo serikali yenyewe ilikuwa ikiyajua tayari. Polisi ni serikali. HELB ni serikali. Ushuru ni serikali. Lakini afisi hizo hazikuwa zikizungumza, na mjumbe wa kuzipelekea habari alikuwa ni yeye, kwa miguu.

Mimi mwenyewe niliwahi kufuata faili moja kwa wiki tatu katika afisi ambayo sitaitaja. Kila nilipofika niliambiwa faili "limepanda juu", na nilipokwenda juu nikaambiwa "limeshuka". Lilipatikana siku ambayo karani mhusika alikwenda likizo na mwenzake akainua birika la chai. Lilikuwa chini ya birika! Nasimulia kisa hiki kwa sababu karani yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na faili nyingi, meza moja, na hakuna aliyewahi kumwuliza mtu wa nje alisubiri siku ngapi. Aliulizwa tu ikiwa faili zake zimeandikwa kwenye daftari.

Basi tunapozungumza juu ya ubunifu serikalini, ningependa tuanzie hapo penye birika. Wengi wetu tukisikia neno hilo hufikiria kompyuta mpya, mashine ing'aayo, na waziri akikata utepe. Nasema kwamba ubunifu huanza siku ile ambapo mtu fulani ndani ya serikali anaketi na kuzihesabu hatua za mwananchi badala ya kuhesabu faili.

Meza chini ya dari moja

Tarehe 7 Novemba 2013, katika jengo la posta kuu, GPO, pale Kenyatta Avenue, Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta alifungua kituo cha kwanza cha Huduma Centre. Ukikitazama vizuri, kilichobuniwa pale kilikuwa kitu kidogo mno, hata mtu angeweza kukidharau. Hakuna aliyevumbua cheti kipya. Meza za idara mbalimbali zilichukuliwa kutoka majengo yao na kuwekwa katika ukumbi mmoja, zikapewa nambari, na mlangoni pakawekwa mtu wa kukuuliza umekuja kutafuta nini na kukupa tikiti ya foleni. Kitambulisho kilichopotea, cheti cha kuzaliwa, mambo ya NSSF, nambari ya ushuru, mkopo wa HELB, taarifa ya polisi ya kitu kilichopotea, vyote chini ya dari moja.

Na kwa nini posta? Ni jambo la busara, ingawa halisemwi sana. Enzi za barua zilipoanza kufifia, kumbi kubwa za posta zilizojengwa katikati ya miji zilibaki na nafasi. Watu wote walizijua na matatu zote zilipita karibu nazo. Vituo kadhaa vya Huduma viliwekwa katika kumbi kama hizo. Leo vituo hivyo ni zaidi ya 50, na kila kaunti kati ya zote 47 ina angalau kimoja. Jijini peke yake, mbali na GPO, vipo Makadara, Eastleigh, Kibra na City Square. Mwaka wa 2015 Umoja wa Mataifa uliutunuku mpango huo tuzo yake ya utumishi wa umma.

Wazo lenyewe halikuzaliwa kwetu, wala si aibu kulikubali hilo. Jimbo la Bahia nchini Brazil lilikuwa limefungua vituo vya namna hiyo mnamo 1995, na miaka miwili baadaye jimbo la São Paulo likafungua vyake likaviita Poupatempo, jina linalomaanisha kuokoa muda. Kuiga jambo jema lililofaulu kwingine ni ubunifu pia, maadamu unaliiga kwa akili na kulikata kulingana na kimo chako.

Lakini usidhani kwamba kusogeza meza ni kazi rahisi. Kila idara ina sheria yake, mkubwa wake, bajeti yake na ile fahari ya kusema "hili ni langu". Kuiambia idara itoe karani wake akaketi chini ya meneja wa kituo ambaye si wa idara hiyo ni sawa na kumwambia mke wa kwanza akapike katika jiko la mke wa pili. Kilichoyawezesha haya ni kwamba agizo lilitoka juu kabisa, na idara hazikunyang'anywa mamlaka yao. Zilisogezwa dirisha tu.

Na papo hapo pana udhaifu wake. Dirisha limesogea, lakini kiwanda kimebaki palepale. Kitambulisho unachokiomba Makadara hakitengenezwi Makadara. Mitambo ya kukichapa ikikwama, au mahakama ikisimamisha kadi mpya kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023 wakati wa kesi za Maisha Namba, yule binti mwenye tabasamu kwenye kaunta hana la kufanya ila kukuambia urudi baada ya wiki kadhaa. Tabasamu ni bora kuliko makaripio, sikatai, lakini halifungui akaunti ya benki.

Kwa nini karani huogopa kujaribu

Labda unajiuliza: kama jambo lilikuwa rahisi hivyo kulifikiria, mbona tulingoja miaka 50 ya uhuru?

Jiweke katika kiti cha afisa wa serikali. Umegundua kwamba fomu ya afisi yenu inauliza jina la babu mara tatu, na unataka kuifupisha. Ukijaribu na jambo likaharibika, utapokea barua ya kujieleza, na pengine uhamisho wa kwenda mahali ambapo watoto wako hawana shule. Mkaguzi wa hesabu atauliza ni kifungu kipi cha sheria kilichokuruhusu. Ukijaribu na likafaulu, mkubwa wako ndiye atakayepigwa picha. Usipojaribu lolote, mshahara wako utaingia tarehe ileile. Mtu mwenye akili timamu, aliye na karo ya kulipa, atachagua nini?

Kwa hivyo tusiwakejeli makarani bure. Serikali zetu ziliundwa kwa namna inayoadhibu kosa la kutenda na kusamehe kosa la kutotenda. Chanzo cha utaratibu huo si kibaya: fedha ni za umma, na afisa anayejaribu mambo ovyo kwa fedha za umma anaweza kuwa mwizi mwenye lugha tamu. Kazi ngumu ni kupata nafasi kati ya hayo mawili.

Humu nchini tumewahi kuipata. Tangu 2004, katika serikali ya Rais Mwai Kibaki, utumishi wa umma ulianza kutumia mtindo wa siku 100. Kikundi kidogo cha maafisa wa afisi moja huchagua jambo moja tu linalopimika, kwa mfano kupunguza siku za kungojea cheti fulani, kisha hupewa siku 100 kulitimiza, na matokeo huwekwa wazi. Uzuri wake ni kwamba kosa likitokea, huwa ni kosa la siku 100 tu. Haliwezi kuzama na nchi nzima. Ubaya wake, na sharti tuuseme, ni siku ya 101. Shamrashamra zikiisha, afisi nyingi hurudia mwendo wa kobe, kwa kuwa waliojaribu wamehamishwa au hapana aliyeifanya mbinu yao kuwa kanuni.

Barua moja ya Benki Kuu

Nafikiri mfano bora zaidi wa ubunifu wa serikali katika nchi hii ni ule ambao hakuna anayeusifu kuwa wa serikali. Kila mtu akitaja M-Pesa husifu kampuni ya simu. Ni haki yake kusifiwa. Lakini hebu fikiri: simu kuhifadhi na kusafirisha fedha za watu, bila benki, katika nchi ambayo haikuwa na sheria yoyote ya jambo hilo. Jibu rahisi la afisa wa serikali lingekuwa "hapana", na asingelaumiwa na mtu.

Kilichotokea ni tofauti. Majaribio yalianza 2005 na wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, Nairobi na Thika. Lengo la awali lilikuwa mtu alipe mkopo wake kwa simu. Wakopaji wakaonekana wakifanya jambo ambalo hawakufundishwa: walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Benki Kuu ya Kenya haikukaa ikingoja Bunge litunge sheria. Iliichunguza huduma, ikataka fedha za wateja ziwekwe katika akaunti ya amana kwenye benki, mbali na fedha za kampuni yenyewe, kisha mapema 2007 ikatoa barua ya kusema kwamba haina pingamizi. Machi 2007 huduma ikazinduliwa.

Haikuwa shwari moja kwa moja. Mnamo Desemba 2008, huku baadhi ya mabenki yakinung'unika, kaimu Waziri wa Fedha John Michuki aliagiza huduma hiyo ichunguzwe. Ikachunguzwa, na Januari 2009 serikali ikawatangazia wananchi kwamba ni salama. Sheria ya mfumo wa malipo ya taifa ilikuja 2011, na kanuni zake 2014. Yaani barua ilitangulia, sheria ikafuata baada ya watu kuona jinsi kitu chenyewe kinavyotembea.

Mwanafunzi wa sheria anayesoma makala haya ataruka hapa na kusema: ahaa, basi mwandishi anashauri serikali itende kwanza na sheria ifuate! Pole pole. Nina mfano mwingine wa kutenda kwanza, na huo ulikwenda mrama.

Nambari iliyotangulia sheria

Unaikumbuka Huduma Namba. Tafadhali usiichanganye na Huduma Centre, ingawa majina yao ni ya ukoo mmoja. Aprili na Mei 2019 makarani walitandaza mitambo yao masokoni, katika afisi za machifu na kwenye mitaa ya majengo ya ghorofa, wakaandikisha watu: jina, wazazi, kazi, alama za vidole, picha. Ahadi ilikuwa kwamba nambari moja ingechukua mahali pa makaratasi yote. Kwa maneno mengine, ilikuwa ahadi ya kuzipunguza hatua zile tulizozihesabu mwanzoni. Watu zaidi ya milioni 37 waliandikishwa. Foleni za siku za mwisho ulikuwamo, bila shaka, nami nilikuwamo.

Lakini kumbuka tulivyopangishwa foleni ile. Zilisikika kauli kwamba asiyekuwa na nambari angekosa huduma za serikali. Mahakama Kuu ililazimika kuagiza, siku moja tu kabla ya uzinduzi, kwamba mtu yeyote asilazimishwe. Nchi haikuwa na sheria ya kulinda habari za kibinafsi. Sheria hiyo ilitiwa saini Novemba 2019, miezi kadhaa baada ya habari zetu kukusanywa. Januari 2020, katika kesi iliyopelekwa na jumuiya ya haki za Wanubi pamoja na mashirika mengine, Mahakama Kuu ilikataza kukusanywa kwa chembechembe za DNA na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti, ikasema mpango usiendelee mpaka pawe na sheria kamili. Oktoba 2021 mahakama ikaamua tena kwamba utoaji wa kadi zenyewe ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa hapakufanywa tathmini ya hatari ambazo zingewakabili wananchi. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yametumika. Kadi ulizoziona ni chache, na huenda yako hukuipata kabisa.

Tofauti ya mifano hii miwili iko wapi? Yote ilitangulia sheria. Jawabu langu ni hili: mwenye simu mwaka wa 2007 aliweza kukataa. Kama hakuuamini mtambo, alibaki na noti zake mfukoni, na hapana aliyemwambia kwamba angekosa dawa hospitalini. Jaribio lilianza dogo, kwa watu wachache, na Benki Kuu ikilitazama kwa karibu. Huduma Namba ilienezwa nchi nzima kwa mkupuo mmoja, na mwananchi akaambiwa afuate au akose. Serikali inayojaribu jambo kwa mtu asiyeweza kukataa haijaribu tena, imekwisha amuru.

Simu mkononi, saiba pembeni

Tuje katika siku zetu hizi. Tangu 2014 upo mtandao wa eCitizen, na Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa humo. Wewe mwanafunzi unaijua njia: unafungua simu, unajaza, unalipa kwa nambari 222222, unangoja. Kijana wetu wa Umoja sasa anaomba vyeti vyake vingi akiwa kitandani. Bado anahitaji kwenda mahali fulani kuchukuliwa alama za vidole, kwa sababu vidole havitumwi kwa simu, lakini safari zimepungua mno, na yule mnong'onaji wa langoni amepunguziwa riziki.

Je, hatua zimeisha, au zimehamia kwingine? Nenda ukasimame dakika 10 katika saiba yoyote, River Road au kule mashinani kwenu. Utamwona mama mwenye umri wa nyanya yako akimtolea kijana asiyemjua kitambulisho chake, nambari yake ya siri na simu yake yote, ili amwombee cheti. Hana barua-pepe, kijana anamfungulia moja na kuiandika nyuma ya risiti. Analipa ada ya serikali, kisha anamlipa kijana. Mwezi ujao akihitaji huduma nyingine, ile risiti imepotea, na barua-pepe inafunguliwa upya. Wabunifu wa mitambo hii aghalabu ni vijana hodari waliosoma. Ningeomba, kabla hawajatuzindulia huduma ya elfu sita, wakae naye mama huyo asubuhi moja kwenye benchi la saiba. Wewe kijana nyumbani nawe unaweza kumwokoa bibi yako na benchi hilo. Mfungulie akaunti yake, umwandikie nambari ya siri katika daftari lake mwenyewe, usiibebe wewe kichwani.

Pia ukiziweka huduma zote katika kapu moja, kapu likianguka yote yamemwagika. Mwishoni mwa Julai 2023 wavamizi wa mitandao waliushambulia mtandao wa serikali, na kwa siku kadhaa watu waliotafuta huduma za pasipoti, viza na nyinginezo walihangaika. Siku hizo palipokuwa bado na daftari na kalamu ndipo kazi ilipoendelea.

Wazazi nao wanakumbuka kisa cha karo. Mapema 2024 Wizara ya Elimu iliagiza karo za shule za kitaifa na nyinginezo zilizo chini yake zilipwe kupitia eCitizen. Agizo lilikuwa na hoja: fedha zionekane zilikopita. Lakini wako wazazi waliozoea kumlipa bwana mkuu kwa awamu, na wengine kwa gunia la maharagwe, na mtambo hauli maharagwe. Jambo hilo likafika mahakamani, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo, ikisema pamoja na mengine kwamba umma haukushirikishwa, na kwamba ile ada ya shilingi 50 iliyokatwa kwa kila malipo haikuwa na msingi wa kisheria.

Barua yako wewe

Hapa ndipo wengi hukunja gazeti wakisema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Kwa hakika kifungu cha 232 cha Katiba, kinachotaka huduma za umma zitolewe kwa haraka, kwa ufanisi na kwa usawa, hakikuandikwa kwa ajili ya wakubwa. Tena iko sheria ya 2016 juu ya haki ya kupata habari, ambayo watu wachache mno huitumia. Chini ya sheria hiyo unaweza kuiandikia afisi yoyote ya umma ukiomba habari iliyo nayo: kwa mfano, maombi mangapi ya vyeti vya kuzaliwa yalipokelewa mwaka jana katika afisi yenu, na mangapi yalikamilika. Afisi inapaswa kukujibu katika muda usiozidi siku 21. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Si lazima ueleze unaitakia nini. Na jambo lililonifurahisha nilipoisoma: barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa mwenyewe anatakiwa kumsaidia. Wakikunyamazia, iko Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama afisi ya Ombudsman, ambako malalamiko hupelekwa.

Walimu wa sekondari, mnaonaje kulifanya hilo zoezi la insha? Darasa moja likiandika barua moja ya kweli kwa afisi moja ya kweli, wanafunzi watajifunza ufupisho, adabu ya lugha na subira ya siku 21. Nao maafisa watajua kwamba kuna watu nje wanaohesabu.

Waliohesabu kwa miguu

Niliahidi hesabu ya hatua, basi niimalize kwa hatua za watu fulani.

Oktoba 2016 kundi la Wamakonde, pamoja na watetezi wao, waliondoka Kwale wakaelekea Nairobi kwa miguu, safari ya karibu kilomita 500. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wajukuu walizaliwa hapa, wakazungumza Kiswahili cha hapa, wakachonga vinyago vilivyouzwa kwa watalii wetu, lakini hawakuwa na vitambulisho. Bila kitambulisho hakuna kura, hakuna akaunti, laini ya simu husajiliwa kwa jina la jirani. Hapakuwa na dirisha lililokosa kompyuta. Hapakuwa na dirisha la kwao hata moja. Walipokelewa Ikulu, Rais Kenyatta akaagiza waandikishwe kabla ya mwaka kwisha, na mapema 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Desemba 2020 ikawa zamu ya Washona, na Julai 2023 Wapemba wa pwani, jamii ya wavuvi.

Mashine iliyotumika kuwaandikisha ilikuwa ileile iliyokuwako siku zote. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani anaruhusiwa kusogea mbele yake.

Halafu wako Wakenya wasiohitaji kutambuliwa, kwa kuwa walitambuliwa zamani, lakini wao kwa miaka mingi walipokwenda kuomba kitambulisho waliketishwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa kuulizwa babu yao alizikwa wapi. Vijana wa kaskazini mashariki wanaijua kamati hiyo, na Wanubi wa Kibra wanaijua. Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uchunguzi huo wa ziada kwa wakazi wa mipakani. Tangazo ni karatasi. Dirisha ni mtu na kiti. Msomaji uliye na rafiki wa miaka 18 kutoka Wajir, Mandera au Garissa, anayesoma nawe chuoni, mwulize jambo moja mkikaa kunywa chai: siku ile alipokwenda kuchukua kitambulisho, aliulizwa maswali mangapi, na wewe uliulizwa mangapi.